Wapangaji watatu ndani ya mwaka mmoja, wote wameondoka bila ugomvi. Shida ni kanuni, chumba, au ni sisi?

#1 Mwana_Tudor (Ijumaa, saa 3:12 usiku)
Salaam wakuu. Nimechoka kujiuliza peke yangu hebu nisaidieni. Mamangu akaa Tudor, Mombasa, nyumba yake mwenyewe, vyumba vitatu. Babangu alifariki miaka minne nyuma na sisi wana tumetawanyika, mie niko Doha kikazi, dadangu ameolewa Lamu. Tukaona badala ya nyumba kulala kimya tupangishe kile chumba cha nyuma, mtu mmoja tu, mstaarabu, 7,000 kwa mwezi maji na stima ndani yake, jikoni na choo washirikiane na mama. Si biashara, ni kupata mtu wa kusikia mama akiita usiku.

Tukaandika kanuni kumi na moja tukazibandika kwenye friji kwa sumaku. Geti saa nne usiku. Wageni sebuleni tu na mwisho magharibi. Pombe hapana. Kisichokuwa halali kisiingie jikoni. Kila mtu aoshe sufuria yake. Pasi na hita ya maji zisiwashwe pamoja. Na kadhalika.

Wa kwanza mwanafunzi, akatoka Machi. Wa pili kijana wa mizigo bandarini, Agosti. Wa tatu dada mmoja nesi, ameondoka juzi tarehe 19, kodi ya mwezi mzima ashalipa na dipoziti hata hajaidai! Hakuna aliyegombana. Wote walimuaga mama kwa heshima, wote maneno yale yale, "nimepata pa karibu zaidi". Sasa huyo mwanafunzi chuo chake kiko hapo hapo Tudor, dakika tano kwa mguu. Karibu zaidi ya hapo ni kulala darasani.

#2 Pweza_Mkavu
Kumi na moja?? Hata feri ya Likoni haina kanuni nyingi hivyo na yabeba malori.

#3 Mke_wa_Baharia
Jibu liko kwenye kanuni yako ya kwanza, geti saa nne. Nesi huyo afanya kazi upande gani? Kama avuka Likoni basi mtu atoka shifti ya jioni, asimame foleni ya feri, ashuke apate matatu, afike Tudor saa nne na robo akute kufuli. Kugonga aona haya, mama wa watu amelala. Kwa hiyo atalala kwa shoga yake, mara ya pili atalala kwa shoga yake, mara ya tatu atabeba na nguo.

#4 Mwana_Tudor
@Mke_wa_Baharia mama humfungulia. Halali mpaka aingie, hukaa sebuleni na tasbihi yake akimngoja. Hajawahi kumfungia mtu nje.

#5 Mke_wa_Baharia
Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi 😂

#6 Fundi_wa_Mita
Habari. Nyote mwaangalia geti na mie naangalia mita. Kosa ni "stima ndani yake". Ngoja niwaeleze maana wengi hawajui hesabu hii. Tangu Aprili 2023 stima ya nyumbani ina madaraja matatu, wa hadi yuniti 30 kwa mwezi analipa bei ya chini kabisa, wa 31 hadi 100 bei ya kati, akizidi 100 bei ya juu, na daraja lako huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Sasa mama akiwa peke yake, friji, taa na feni moja, yuko hapo kati ametulia. Alete mtu mwenye hita ya maji na pasi ya kila asubuhi, miezi mitatu haishi wamevuka 100. Basi tokeni ya 500 aliyozoea kununua yarudi na yuniti pungufu, sio kwa sababu mpangaji anazila zote, ni kwa sababu kila yuniti imepanda bei, hata ile ya friji la mama mwenyewe. Mama hajui habari ya madaraja. Aonalo ni kwamba tangu kijana aje stima haikai. Atasema? Hatasema. Ataangalia tu taa ya chini ya mlango.

Funga mita ndogo ya chumba kile, kila mtu ajue chake.

#7 Mwana_Tudor
Fundi umenishtua. Mama ana daftari, kila tokeni huandika tarehe na yuniti. Na kweli dadangu aliwahi kumsikia akimuuliza yule wa bandarini, "mwanangu leo umepiga pasi shati ngapi?" Lakini aliuliza kwa upole.

#8 Pweza_Mkavu
"Kwa upole" 😂😂 mtu ahesabiwa mashati

#9 Mzee_wa_Baraza
Wanangu mie nimekulia Majengo nyumba ya Kiswahili hasa, ya ukumbi katikati na vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, nyuma ua na choo na pa kupikia. Bibi yangu mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele na vitano vyote vina watu, Mdigo, Mkamba, Mhadhrami wa duka, na hapakuwa na karatasi ya kanuni mahali popote. Mwajua kwa nini? Kila mtu alikuwa na mlango wake unaofungua ukumbini, kufuli lake, jiko lake la mkaa. Ukirudi usiku wapita ukumbini kama njia ya watu wote. Hizi nyumba zenu za sasa ukimpangisha mtu umemtia tumboni mwa familia, apite sebuleni mbele ya televisheni aulizwe atoka wapi. Karatasi haisaidii hapo, ni ramani ya nyumba.

Na hapo sijasema nyumba yenyewe ilikuwa nyumba bila ardhi, yaani bibi amiliki kuta na paa lakini kiwanja cha mtu mwingine, naye pia alilipa kodi ya kiwanja. Kwa hiyo alijua uchungu wa kulipa.

#10 Shifti_ya_Usiku
@Mzee_wa_Baraza shikamoo. Ila usituambie hapakuwa na kanuni mzee wangu, zilikuwepo nyingi ila zilikuwa mdomoni mwa bibi. Mie nimepanga Majengo nikaambiwa siku ya pili tu nisianike nguo za ndani upande wa kibla.

#11 Mzee_wa_Baraza
Marahaba. Hiyo si kanuni hiyo ni adabu.

#12 Mnyanza_wa_Mikindani
Sasa naomba nijibu kwa niaba ya wapangaji maana hapa wamejaa watoto wa wenye nyumba. Mimi ni mtu wa Kisumu, Mombasa nina miaka kumi na mbili, nilianza kwa kupanga chumba ndani ya nyumba ya mama mmoja, mtaa siutaji. Kanuni hazikuwa kwa friji, zilikuwa kwa uso wake. Siku ya kwanza nilipika omena, nimekaanga vizuri na nyanya na dania, mama akaja jikoni akafungua dirisha. Hakusema kitu. Akafungua na la pili. Akawasha udi. Akaleta feni kutoka sebuleni akaiweka ikanielekea mimi na sufuria yangu. Nikala hiyo omena chumbani kama mwizi.

Sasa niulize, nyinyi watu wa papa mkavu. Papa! Samaki ambaye mkimpika jirani wa nyumba ya tatu anajua. Huyo hana shida, ila omena mdogo wa watu ndio ananuka?

#13 Pweza_Mkavu
Usimguse papa. Papa hanuki, ajulisha.

#14 Mke_wa_Baharia
Papa wa nazi na wali ukoko wake, usiku kama huu, mnatutesa

#15 Mnyanza_wa_Mikindani
@Pweza_Mkavu hapo ndio pale pale. Harufu yako inajulisha, yangu inanuka. Mwana_Tudor mwambie mama aandike wazi kwa hiyo listi: samaki gani ruhusa, gani hapana. Mtu ajue kabla hajaleta godoro.

#16 Karani_Mstaafu
Salaam. Tuache samaki kidogo. Mwana_Tudor mna maandishi? Si ya friji, mkataba. Huyo dada akiamua kurudi na dipoziti yake mtaenda baraza la kodi mkaulizwe.

#17 Pweza_Mkavu
Kodi ipi sasa, ya nyumba au ya serikali? Maana serikali nayo yataka asilimia 10 ya pango lako.

#18 Wakili_wa_Mtaani
Kuna makosa mawili hapo. La kwanza, baraza la kodi ya nyumba kwa ile Sura ya 296 ya sheria za Kenya lashughulikia nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha 7,000 hakimo, dai hilo lingekwenda kortini kwa madai madogo. La pili, sio asilimia 10 tena, ilishuka kuwa 7.5 tangu Januari 2024, na kodi hiyo ya kila mwezi yaanza kwa mwenye kuingiza 288,000 kwa mwaka kupanda juu. 7,000 mara 12 ni 84,000. Hayupo karibu. Ila bado ni mapato, kwenye ritani ya mwaka yaandikwe.

Na dipoziti mrudishie hata kama hajaidai. Pesa ya dada wa watu.

#19 Karani_Mstaafu
Nimesahihishwa, ahsante. Lakini notisi je? Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 57 yasema ukilipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi. Aliyetoka tarehe 19 katikati ya mwezi amevunja yeye.

#20 Wakili_wa_Mtaani
Hapo twaweza kubishana mpaka alfajiri. Kifungu hicho ni cha mpangaji mwenye milki ya mahali pake. Mtu akaaye chumba ndani ya nyumba ya mama, mama huingia na kutoka chumbani, jiko moja, ufunguo mmoja, huenda akahesabiwa ni mgeni wa kulipa tu, ana ruhusa ya kukaa na hana milki. Swali ni je, mama huingia kile chumba?

#21 Mwana_Tudor
Hmm. Huingia Ijumaa tu.

#22 Wakili_wa_Mtaani
Kufanya nini?

#23 Mwana_Tudor
Kufukiza udi. Ndio ilikuwa kawaida yake tangu baba yuko hai. Kile kilikuwa chumba cha baba cha kupumzikia na kusomea, kabati lake bado lipo, upande mmoja tulimwachia mpangaji upande mwingine una kanzu zake na vile vitabu vyake, umefungwa. Ijumaa mama hufungua azianike kidogo zisile unyevu, afukize, afunge. Nusu saa haifiki.

#24 Kibanda_cha_Udi
SUBHANALLAH na uzi umefika posti ya 23 ndio watwambia. Miaka minne kanzu za marehemu mwazifukiza udi kila Ijumaa kwenye chumba alalamo mtu mgeni, na bado wauliza kwa nini wahama? Wale hawahami kwa ajili ya geti wala samaki. Muulize huyo nesi kama alikuwa akiota.

#25 Fundi_wa_Mita
Aah tushafika kwa majini. Nilikuwa nikihesabu posti nijue itachukua ngapi.

#26 Kibanda_cha_Udi
Sijasema majini. Wewe ndio umesema.

#27 Shifti_ya_Usiku
Mie ni nesi pia, ningehama tu, hakuna haja ya jini. Nimetoka shifti ya usiku nimelala saa tatu asubuhi, mlango unagongwa hodi hodi mwanangu nafukiza, nakaa kitandani na kanga nangoja kanzu zipigwe upepo. Kila Ijumaa. Na siwezi kusema hapana, utamwambiaje mjane asiguse kanzu za mumewe? Huna pa kuanzia. Utapata "pa karibu zaidi".

#28 Mwana_Tudor
@Shifti_ya_Usiku umenigonga. Kweli hatukuiandika ile ya Ijumaa. Kumi na moja zote ni za mpangaji, hatukuandika hata moja ya mama.

#29 Nyali_Kwa_Mguu
Nauliza, dirisha la chumba laelekea wapi? Maana mie nilikuwa na chumba kinachotazama magharibi, kaskazi ikishika kuanzia Disemba hadi Machi jua la alasiri lagonga ukuta mpaka saa sita usiku waulalia kama tanuri la mofa. Mwanafunzi wako katoka Machi. Mie nasema joto.

#30 Fundi_wa_Mita
Na wa Agosti je? Agosti ni kusi, watu wajifunika.

#31 Nyali_Kwa_Mguu
Wa Agosti ana sababu zake.

#32 Mwana_Tudor
Dirisha ni magharibi, ndio. Lakini kuna feni.

#33 Pweza_Mkavu
Feni ya mama au ile ya kufukuza omena

#34 Mpangaji_wa_Zamani
Nimesoma yote kimya. Mie nimekaa vyumba vya namna hii mara tatu, Mikindani, Bamburi na Ganjoni, na hakuna hata mmoja wenu aliyeigusa. Mwana_Tudor nikuulize moja tu. Mama humwekea mpangaji chakula?

#35 Mwana_Tudor
Ndio lakini hamlazimishi. Akipika huweka sahani mezani amefunika kawa. Hata kanuni zasema kila mtu apike chake, ila mama hawezi kula na mtu yuko chumba cha pili hajala.

#36 Mpangaji_wa_Zamani
Basi. Sasa sikiza. Mama wa Bamburi alikuwa hivyo hivyo, mtu mwema sana Mungu amzidishie. Mie natoka kazini saa mbili, njaa inanimaliza, nala viazi karai vya hamsini pale stejini na ukwaju na kachumbari nimeshiba nakwenda nyumbani kulala. Nafungua mlango naiona ile kawa, ile nyekundu na kijani ya ukili. Mama yuko sebuleni amelegea ananingoja. "Mwanangu, umerudi." Chini ya kawa wali wa nazi, mchuzi wa ngisi, pilipili ya ndimu pembeni. Nisile? Nala. Nala nimeshiba. Kesho yake nimekula chakula chake, sasa asubuhi akisema mwanangu mitungi ya maji imeisha, mfereji hautoki tangu Jumatatu, hebu mwite yule kijana wa mkokoteni, mie naita na kubeba nabeba mwenyewe mitungi minane ya lita ishirini mpaka kwenye pipa, na nachelewa kazini. Jumamosi kliniki ya presha namsindikiza mie. Mwanawe wa kumzaa yuko ng'ambo atuma pesa na voisi. Mwisho wa mwezi natoa na kodi vile vile!

Ndio maana hawagombani. Utagombana vipi na mtu aliyekufunikia chakula? Wahama tu. Na dipoziti waiacha kwa sababu waona umekula zaidi ya dipoziti.

#37 Mke_wa_Baharia
😶

#38 Mzee_wa_Baraza
Maneno mazito hayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu alipewa jembe na akalipishwa shamba.

#39 Wakili_wa_Mtaani
Napinga lakini. Mie ile kawa ndiyo iliyoniweka. Nimekaa miaka tisa kwa bibi mmoja Old Town nikiwa kijana, nimebeba mitungi kuliko punda, na nilipooa mahari yangu nusu alitoa yeye. Angekuwa ni mtu wa mita ndogo na mkataba ningetoka mwezi wa pili. Mtu na mtu.

#40 Mpangaji_wa_Zamani
Wewe ulikuwa na miaka ishirini na huna kwenu hapa mjini. Muulize mtu wa thelathini na tano mwenye watoto bara.

#41 Fundi_wa_Mita
Bado nasema mita.

#42 Kibanda_cha_Udi
Na bado hamjamuuliza nesi alikuwa akiota nini.

#43 Mwana_Tudor (Jumamosi, saa 5:40 asubuhi)
Sikulala vizuri wallahi, hiyo ya "atuma pesa na voisi" nimeisoma mara tano. Nimepiga kwa mama sasa hivi. Dipoziti nimemtumia dada wa watu kwa M-Pesa, kajibu "ahsante kaka, msalimie sana mama, mwambie namkumbuka". Sasa hilo nalo silielewi, mtu akukumbuka na amekukimbia?

#44 Shifti_ya_Usiku
Mie nalielewa kabisa.

#45 Mwana_Tudor
Nikamsomea mama posti zenu, sio zote, ya jini nimeiruka. Ya kawa kanyamaza kidogo. Kisha kasema mwanafunzi alihama kwa sababu alipata mchumba na mchumba hawezi kukaa sebuleni mpaka magharibi, hilo alilijua siku nyingi ila haikuwa kazi yake kunambia mie. Wa bandarini kasema alikuwa na deni la watu na wakamjua anakaa wapi. Nikamuuliza na nesi? Kasema "yule alikuwa akichoka", basi.

Ya Ijumaa kasema kanzu atazihamishia chumbani kwake ila si wiki hii.

#46 Nyali_Kwa_Mguu
Hajataja joto lakini hajalikataa.

#47 Pweza_Mkavu
Na zile kanuni kumi na moja?

#48 Mwana_Tudor
Ile karatasi ameibandua. Dadangu kaniambia ameigeuza nyuma ameandika oda za mahamri za wiki hii, maana wakati wa mchana hupikia watu wa mtaani. Mita ndogo kakataa, asema hataki mtu ajihesabu ndani ya nyumba yake.

#49 Fundi_wa_Mita
Basi ajue daraja lile la tatu lamngoja.

#50 Mke_wa_Baharia
Mahamri wauza vipi na mbaazi zipo?

#51 Mwana_Tudor
Mbaazi Jumapili tu. Nitakutumia namba faragha. Halafu @Mnyanza_wa_Mikindani, kwenye yako ya omena mama kacheka mpaka akakohoa. Ameuliza kama huyo kijana bado anatafuta chumba.

#52 Mnyanza_wa_Mikindani
Mwambie nina kwangu mama, shukran. Lakini jikoni hapo kuna madirisha mangapi?